Kodi ya Miezi Sita Ilitoka Wapi? Historia ya Bili ya Kuhama Nyumba Bongo

Muulize kijana yeyote wa Dar aliyehama geto mwaka huu ni kitu gani kilimtoa jasho. Hatakutajia kirikuu. Kirikuu ni cha kulalamikia tu, kwa sababu dereva kwenye simu alisema elfu arobaini, alipofika akaliona friji, ikawa sitini. Hizo ni kelele za siku moja. Kinachouma ni ile hesabu anayopewa na dalali akiwa amesimama mlangoni, chumba kimeshampendeza na mwenye nyumba anamwangalia.

Mchukue kijana mmoja, jina lake tuache, anatoka Mabibo anakwenda Sinza. Chumba master, laki na nusu kwa mwezi. Kichwani mwake anahama kwa laki na nusu na nauli ya mizigo. Sasa piga hesabu ya kweli. Miezi sita mbele: 900,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 150,000. Hela ya kuonyeshwa vyumba viwili, buku kumi kila kimoja: 20,000. Kirikuu: 60,000. Washikaji wawili wa kubeba: 20,000. Kitasa kipya, maana mpangaji aliyetoka haijulikani alichonga funguo ngapi: 30,000. Luku ya kuanzia usiku wa kwanza: 10,000. Jumla 1,190,000. Hiyo ni karibu kodi ya miezi minane kwa mtu ambaye hajalala hapo hata usiku mmoja.

Angalia vizuri hizo namba. Kuhama kwenyewe, yaani gari na wabebaji, ni 80,000, haifiki hata asilimia 7 ya bili. Kijana huyu halipii kuhama. Analipia kuingia. Na kwa nini kuingia kunagharimu hivyo si suala la roho mbaya ya wenye nyumba kama inavyosemwa vijiweni. Ina historia yake, na bibi zake huyo kijana wasingeielewa kabisa bili hiyo.

Enzi za kulipa mwezi kwa mwezi

Kariakoo ni mahali pazuri pa kuanzia, maana hata jina lenyewe linahusu kubeba mizigo. Wajerumani ndio walioanza kulipima eneo lile liwe makazi ya Waafrika. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, wakaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Wapagazi walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani hadi bara, na makumi ya maelfu yao walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na maradhi. Watu wa mjini wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Baada ya vita kambi ikageuka mtaa.

Nyumba iliyojaa pale ndiyo ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma uani palipo na jiko, choo na kamba ya kuanikia. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Na miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo wanawake. Mama mmoja aliyeachika, au mjane, au aliyepika vitumbua miaka kumi na tano, alijenga chumba baada ya chumba, na uzeeni akala kodi. Serikali ya kikoloni ilipofanya uchunguzi wake mkubwa kuhusu maisha ya Waafrika wa Dar mwaka 1956, kazi ya J.A.K. Leslie iliyokuja kuchapishwa mwaka 1963, nyumba hii ya vyumba sita ilikuwa imeshakuwa ndio jiji lenyewe.

Kodi ililipwa kwa mwezi. Na wala haikuwa huruma. Mpangaji alikuwa kibarua. Wabeba mizigo wa bandarini, wale ambao mgomo wao wa mwaka 1947 ulisambaa hadi nje ya Dar, wengi wao walilipwa kwa siku. Wengine walifanya kazi kwa kipande, kadi inayojazwa siku thelathini za kazi ndipo unalipwa. Ungemdai mtu wa namna hiyo kodi ya mwaka mzima, chumba chako kingekaa na panya tu.

Halafu mwenye nyumba mwenyewe yuko hapo hapo. Anajua umepata kazi au umefukuzwa, umelipwa au bado, maana anakuona unarudi na nyama au unarudi na mikono mitupu. Akitaka hela yake anagonga mlango, hatua nne tu kutoka kwake. Mtu unayemwona kila asubuhi akipiga mswaki huna haja ya kumlipisha miezi sita mbele. Dhamana ilikuwa ni macho.

Kuhama nako kulikuwa kwepesi kwa sababu vitu vilikuwa vichache. Kitanda cha kamba kinafunguliwa, mkeka unakunjwa, sanduku la bati la nguo, sufuria mbili tatu, chemli, basi. Mkokoteni mmoja unatosha na nafasi inabaki ya mtoto kukaa juu. Mtu aliweza kuhama Jumamosi mchana, na jioni akawa barazani kwake kupya anapiga soga. Waliodaiwa walihama usiku, na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kukwepa bili yote. Siku hizi kuhama usiku na friji, sofa na televisheni ya nchi 55, jaribu uone.

Unguja: nyumba yangu, ardhi yako

Kabla ya kuiacha zama hiyo, kuna kisa cha upande wa pili wa bahari ambacho kila mpangaji wa leo angependa kukisikia. Ng'ambo ya Unguja, ile iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilijaa watu wa hali ya chini, wengi wao waliokuwa watumwa na watoto wao baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Hawa hawakuwa wapangaji wa vyumba. Nyumba ilikuwa yao: miti yao, udongo wao, makuti yao, mlango wao. Kiwanja ndicho kilichokuwa cha mtu mwingine.

Miaka ya mwanzo wenye ardhi hawakujali sana. Mtu aliruhusiwa kujenga, na mwenye kiwanja akapata wafuasi na heshima. Mji ulipokua, ardhi ikawa biashara, kodi ya kiwanja ikaanza kudaiwa, na katika miaka ya 1920 ikapandishwa na kupandishwa tena. Fikiria kero hiyo: unadaiwa kodi chini ya nyumba uliyoijenga kwa mikono yako, na ukishindwa unaambiwa uondoke nayo.

Mwaka 1928 wakagoma. Wenye vibanda wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya kiwanja, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Waliofungwa kwa sababu ya kodi, umati ulikwenda kuwatoa kwa nguvu. Majina ya wengi wao hayajulikani leo, lakini mgomo uliitikisa serikali kiasi kwamba ikalazimika kuweka sheria ya kudhibiti kodi ya viwanja. Mara nyingi husemwa kwamba wapangaji hawana nguvu. Wale walikuwa nayo, kwa sababu wote walidaiwa kitu kimoja kwa wakati mmoja na waliishi ukuta kwa ukuta. Mpangaji wa leo mkataba wake unaisha Machi, wa jirani yake Agosti, na hawajuani hata majina.

Serikali inageuka baba mwenye nyumba

Bara, udhibiti wa kodi ulikuja na Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita wakoloni wakajenga kota Ilala, halafu Magomeni na Temeke. Uhuru ulipokuja, Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa mwaka 1962 na kuanza kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali.

Lakini mabadiliko makubwa yaliletwa na Azimio la Arusha, Februari 1967. Wengi wanalikumbuka kwa mabenki na viwanda. Ndani yake kulikuwa na masharti ya viongozi, na moja ya masharti hayo lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kula kodi kulihesabiwa ni unyonyaji, sawa na kuwa na mishahara miwili. Mtu wa serikali au chama aliyekuwa ameanza kujenga kibanda cha uzeeni akajikuta anaficha, au anaandika kwa jina la mke, au anaacha kabisa.

Aprili 1971 ikaja ya pili, na hii ilikuwa nzito. Sheria ya kutwaa majengo ilichukua kila jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Jengo lililokuwa na zaidi ya miaka kumi, mwenyewe hakulipwa fidia. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, Upanga, Kisutu na katikati ya mji, na baada ya hapo familia nyingi zilifunga mizigo na kuondoka nchini. Majengo yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Mpaka leo wazee wa mjini wanasema "nyumba ya Msajili", ingawa ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990.

Kwa aliyepata nyumba ya Msajili au ya Shirika, maisha yalikuwa matamu. Kodi ndogo, mara nyingi inakatwa kwenye mshahara, haipandi. Hapo hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kitu kizuri chenye bei ndogo na kisichotosha watu huwa kinatafutiwa bei nyingine chini ya meza. Kwenye nyumba, bei hiyo iliitwa kilemba.

Hili neno lina mambo. Kilemba ni kitambaa cha kichwani, kila mtu anajua. Katika mila za pwani ni pia zawadi ya heshima: mwanafunzi anapohitimu anampa fundi wake kilemba, na kwenye posa kuna kilemba cha baba kama kulivyo na mkaja wa mama. Kwenye nyumba, kilemba kikawa hela anayopewa anayetoka ili akuachie yeye badala ya kurudisha ufunguo ofisini. Kodi rasmi unalipa ile ile ndogo, lakini kuingia umeingia kwa fungu la hela. Kule Mumbai, mji mwingine uliobana kodi kwa sheria kwa miongo mingi, malipo ya namna hii yanaitwa pagdi. Na pagdi, kwa lugha zao, ni kilemba hicho hicho cha kichwani.

Kilemba hakijafa. Ulizia fremu ya duka Kariakoo uone. Ila kwa habari ya leo kilemba ni muhimu kwa sababu moja: ndicho kilichowazoesha watu wa mjini kwamba kodi ni kitu kimoja, na hela ya kuingilia ni kitu kingine.

Shilingi inaanguka, mwenye nyumba anaamka

Miaka ya 1980 hela ya Tanzania ilikuwa inayeyuka. Bei zilipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa karibu shilingi 17, mwisho wa mwaka huo huo ikawa zaidi ya 50. Jiweke kwenye viatu vya mzee mmoja mwenye vyumba vinne Manzese. Kodi aliyoipanga Januari, Desemba hainunui tena alichotarajia. Simenti anayoitaka imepanda, bati ndiyo kabisa. Kwake yeye shilingi ya leo ni mali, shilingi ya mwezi wa kumi ni hadithi. Suluhisho likawa rahisi: leta zote leo.

Sheria ilikuwepo. Mwaka 1984 ilitungwa sheria mpya ya kudhibiti kodi, na mabaraza ya nyumba ya mikoa yakawekwa kusikiliza kesi. Lakini mpangaji wa chumba cha uani alikuwa anakwenda barazani kumshtaki mtu anayeshea naye choo? Wachache sana.

Kisha ikaja Februari 1991, Azimio la Zanzibar. Enzi za Mzee Ruksa, CCM ikalegeza yale masharti ya 1967, na kiongozi akaruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Watu waliokuwa wanajificha wakatoka hadharani. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilikuwa tayari vimepimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na sasa kuta zikaanza kupanda. Tabata, Kimara na Mbezi zikafuata, sehemu kubwa bila kupimwa.

Zilijengwa kwa hela gani? Hapa ndipo penye jibu la swali la kichwa cha habari. Nchi ilikuwa na Benki ya Nyumba, THB, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyo hasa. Ilielemewa na madeni yasiyolipwa na mwaka 1995 ikafungwa. Benki za kibiashara zilitaka hati, na kiwanja cha Kimara hakina hati. Kwa hiyo mwalimu, karani, muuza duka, mama mwenye genge, wote walijenga kwa mfuko: chumba kimoja kinapauliwa, kinawekewa mpangaji, kodi yake ya mwaka inanunua simenti ya chumba cha pili. Cha pili kinapangishwa, kinazaa cha tatu. Tembea mtaa wowote wa Dar utaziona nondo zimechomoza juu ya paa, zinasubiri mpangaji anayefuata.

Mpangaji ndiye aliyekuwa benki. Alikopesha mwenye nyumba hela ya miezi sita au kumi na miwili, bila riba, bila dhamana, na marejesho yake yalikuwa ni kulala ndani. Nyumba nyingi anazoziona kijana wa leo na kusema "hawa wazee wana hela" zimejengwa kwa hela za vijana wa wakati huo, waliohama zamani na vitanda vyao.

Haki iwe haki: wenye nyumba wengi hawakuwa matajiri, na bila mtindo huo pengine vyumba vyenyewe visingekuwepo. Lakini mkopo ni mkopo hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Na anayekopesha bila kujua kwamba anakopesha huwa hadai chochote.

Mwaka 2005 ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi ikafutwa. Kuanzia hapo kodi ni makubaliano. Miezi mitatu, sita, mwaka, ni nguvu yako na yake. Huku nyuma dhamana ya macho ilikuwa imekufa: mwenye nyumba anakaa Mbezi, nyumba ya kupangisha iko Ubungo, hamwoni mpangaji akirudi na nyama wala bila nyama. Hela ya mbele ikachukua kazi ya macho.

Na nafasi kati ya watu wawili wasiojuana lazima mtu wa tatu aijaze. Dalali zamani alikuwa mtu wa mnada, anapiga kelele sokoni akiuza mali za watu. Kwenye vyumba alizaliwa upya, kwanza na baiskeli na daftari, baadaye na bodaboda na simu, sasa na picha za Instagram ambazo chumba kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kodi ya mwezi mmoja anayochukua inalipwa na mpangaji, ingawa aliyeuziwa mali ni mwenye nyumba. Hilo lingehitaji mgomo wa 1928.

Majirani wanafanyaje

Hapo Nairobi kijana wa bedsita kwa kawaida anatoa dipoziti ya mwezi mmoja na kodi ya mwezi wa kwanza, anapewa ufunguo, halafu analipa kila mwezi. Haina maana kwamba yeye anapeta. Akichelewa tarehe tano, keyateka yuko mlangoni, na kuidai dipoziti siku ya kuhama ni vita nyingine. Sheria yao ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma na bei za mjini zamani sana. Ila mlango wa kuingilia ni mwembamba kidogo kuliko wa Dar: miezi miwili dhidi ya minane ya yule kijana wa Sinza.

Ajabu ni kwamba sababu za zamani nyingi zimeshaondoka. Mfumuko wa bei si ule wa 1986. Tangu 2008 hela za simu zipo, mpangaji wa Gongo la Mboto anaweza kumtumia mwenye nyumba aliyeko Moshi kodi ya mwezi kabla chai haijapoa. Luku imeondoa ugomvi wa bili ya umeme, angalau kwa wenye mita yao peke yao. Kilichobaki ni mazoea, na ujenzi. Ujenzi bado upo.

Kuhama kwa lazima

Wapo waliohamishwa, na bili yao ni ya aina nyingine. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kutekeleza uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma, watumishi waliondoka Dar na makasha, na kodi za Dodoma zikapanda kwa wenyeji ambao hawakuhamia popote. Mtumishi anayehamishwa ana haki ya nauli, gharama za mizigo na posho ya kujikimu. Mwanafunzi wa UDOM aliyepanga chumba nje ya chuo hakuwa na posho ya kumfidia.

Magomeni Kota ndiyo iliyokaa midomoni zaidi. Kaya 644 ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikabomolewa, eneo likabaki na majani. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi kuwajengea, na Machi 2022 maghorofa yakazinduliwa. Muongo mzima karibu, familia zilizozoea kota zilikuwa zinahama chumba hadi chumba, na kila chumba kina dalali wake na miezi yake sita. Hiyo hesabu hakuna aliyewapigia.

Sasa mfuko wako

Anayejua historia hii anapanga bajeti tofauti. Kwanza haanzi na kirikuu. Anaanza na kodi ya mwezi, anaizidisha mara nane, hapo ndipo anajua kama chumba ni chake au anajifurahisha. Kama laki na nusu mara nane inamlazimu kukimbilia kausha damu, basi chumba hicho si cha laki na nusu tena. Kuna riba ya mtu juu yake, na itadaiwa kila wiki wakati kodi yenyewe imeshalipwa. Bora chumba cha laki Tandale kuliko master ya Sinza yenye mkopo ndani yake.

Pili anaanza kuweka mapema, kabla mkataba wa sasa haujaisha. Anayelipa miezi sita kwa mkupuo anadaiwa mkupuo mwingine baada ya miezi sita, hiyo tarehe inajulikana tangu siku ya kusaini. Kugawa kwa sita na kuweka kila mwezi mahali usipoweza kuchomoa ni kujifanyia ule utaratibu wa mwezi kwa mwezi ambao mjini ulikufa. Kibubu, kikoba, laini nyingine ya simu, chochote.

Tatu, anauliza swali moja ambalo wapangaji wengi hawaulizi: mwenye nyumba anajenga? Anayejenga ana fundi anayemsubiri, hatakubali miezi mitatu hata umlilie, ila anaweza kukupunguzia kodi ya mwezi ukimletea ya mwaka mzima, maana bati analitaka wiki hii. Aliyemaliza kujenga, mstaafu au mama anayekula kodi, mara nyingi anataka hela iingie kidogo kidogo mwaka mzima, na huyo ndiye wa kuzungumza naye miezi mitatu au hata mmoja mmoja. Dalali hatakwambia yupo yupi. Muulize jirani, au tazama juu ya paa kama nondo bado zimesimama.

Na kabla ya kutoa hata mia, mambo ya kawaida: namba ya mita iandikwe kwenye mkataba na deni lake likaguliwe, maji yaulizwe, mkataba ugongwe muhuri serikali ya mtaa, hela ipite kwenye simu au benki ili ibaki na alama. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba, si kwa dalali. Kirikuu ukipangie katikati ya mwezi, siku ya kazi, asubuhi. Mwisho wa mwezi wanahama wote, na dereva analijua hilo kabla yako.